Namna ya Kufunga Kipokezi cha Rimoti ya Mawimbi ya Redio kwa King'amuzi, TV na Muziki wa Nyumbani

Nyumba nyingi ninazoitwa kufanya kazi zina hali inayofanana. King'amuzi kiko sebuleni, kimefungiwa ndani ya kabati la mbao ili kisipigwe na vumbi wala kuchezewa na watoto, na TV ya pili iko chumbani kwa wazazi, imeunganishwa na king'amuzi hichohicho kwa waya uliopitishwa juu ya dari. Picha inafika chumbani ikiwa safi kabisa. Lakini baba akitaka kutoka kwenye mpira aende kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, inambidi ainuke kitandani, afike sebuleni, afungue kabati, aelekeze rimoti na kubonyeza, kisha arudi kuangalia kama chaneli aliyoipata ndiyo aliyoitaka. Wengine humtuma mtoto, na mtoto akishalala kazi inabaki palepale. Hali hii haihitaji king'amuzi cha pili wala malipo ya mwezi ya pili. Inahitaji kipokezi kidogo cha mawimbi ya redio, ambacho mtu makini mwenye nafasi ya mchana mmoja anaweza kukifunga mwenyewe.

Kwanza ni lazima ieleweke kinachofanyika. Rimoti ya kawaida haitumi redio, bali inatuma mwanga wa infraredi ambao binadamu hauoni. Mwanga huo huwaka na kuzimika kwa kasi ya takriban mara 38,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 38, ili king'amuzi kiutofautishe na mwanga wa jua na wa taa za nyumbani. Kwa kuwa ni mwanga, hauvuki mbao, ukuta wala pazia zito, ilhali mawimbi ya redio yanavuka. Mfumo ninaouelezea hapa hufanya tafsiri mara mbili: kitumaji kilichowekwa chumbani kinapokea mwanga wa rimoti na kuugeuza kuwa wimbi la redio, na kipokezi kilichowekwa sebuleni kinalinasa wimbi hilo na kuligeuza tena kuwa mwanga, unaotolewa na taa ndogo mno iliyo mwishoni mwa waya mwembamba. Taa hiyo nitaiita kimulimuli, na kile kidirisha cha king'amuzi kinachopokea mwanga nitakiita jicho. Ziko pia rimoti zinazotuma redio zenyewe, na viko vitumaji vyenye umbo la betri vinavyoingizwa ndani ya rimoti ya kawaida, lakini upande wa sebuleni kazi ni ileile.

Watu wengi huiogopa sehemu ya redio, wakidhani ukuta na umbali ndivyo vitakavyowashinda. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba kinachokwamisha zaidi ni zile sentimita mbili za mwisho kati ya kimulimuli na jicho. Mtu huhamisha antena siku nzima, huku kimulimuli kimebandikwa mahali pasipo na jicho. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye sehemu hiyo tukiifikia.

Ya kuhakikisha kabla ya kununua

Hakikisha kwamba kifaa unachotaka kukiongoza kinatumia infraredi kweli. Chukua simu, fungua kamera ya mbele, ielekeze kwenye ncha ya rimoti na ubonyeze kitufe chochote. Ukiona kwenye kioo cha simu nuru nyeupe au ya zambarau ikimetameta, rimoti hiyo ni ya infraredi. Nimesema kamera ya mbele kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga huo, na watu wameshatupa rimoti nzima wakiamini zimekufa. Jaribu kwanza na rimoti unayojua kwamba inafanya kazi, ili uwe na uhakika kuwa kamera yako inaona.

Vijiti vinavyochomekwa nyuma ya TV kwa ajili ya filamu za intaneti, kama Fire TV Stick, pamoja na mashine za michezo kama PlayStation 4 na 5, huongozwa kwa Bluetooth na havina jicho la infraredi. Kwa vifaa hivyo kipokezi hiki hakitasaidia chochote. Vipo pia vifaa vya muziki vya Bang & Olufsen vinavyotumia infraredi ya kilohezi 455, ambayo vipokezi vingi vya dukani haviwezi kuitoa, kwa hiyo mwenye vifaa hivyo anapaswa kusoma karatasi ya maelezo kabla ya kutoa fedha. Ving'amuzi vya kawaida, TV na amplifaya nyingi ziko kati ya kilohezi 36 na 40, na hizo hazina matatizo.

Jambo la pili ni masafa ya redio. Katika nchi zetu, kama ilivyo Ulaya, vifaa vya aina hii kwa kawaida hutumia megahezi 433.92. Marekani hutumia 315, 418, au yale yaliyo kati ya 902 na 928. Nalitaja hili kwa sababu ndugu walioko Marekani hutuma vifaa kama zawadi, na kifaa cha megahezi 900 na kitu kinaangukia kwenye masafa yanayotumiwa hapa na simu za mkononi: simu za GSM hutuma kati ya 880 na 915, na minara hutuma kati ya 925 na 960. Kifaa hicho kitasumbuliwa na kila simu iliyomo ndani ya nyumba, na chenyewe kinaweza kusumbua mtandao. Vifaa vinavyotuma mawimbi vinapaswa kuwa vimeidhinishwa, kwa TCRA upande wa Tanzania na kwa Mamlaka ya Mawasiliano upande wa Kenya, hivyo angalia namba ya megahezi iliyoandikwa chini ya kifaa kabla ya kukichomeka. Angalia pia adapta yake. Ikiwa imeandikwa 100–240V inafaa kwa umeme wetu, unachohitaji ni plagi ya pini tatu tu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke hata kwa kujaribu, kwa maana umeme wetu wa volti 230 hadi 240 utaiunguza papo hapo. Tafuta adapta nyingine yenye volti na ampea zilezile zinazohitajiwa na kipokezi, na uhakikishe kwamba chanya na hasi vimekaa upande mmoja na ile ya zamani.

Jaribu mezani kwanza

Usianze kwa kupanda dari. Weka kitumaji na kipokezi juu ya meza, umbali wa mita mbili hivi, kitumaji kikiwa hakikioni kimulimuli. Chomeka vyote kwenye umeme na uviunganishe kama maelezo yake yanavyosema: vingine vinataka ubonyeze kitufe cha kipokezi kwa sekunde kadhaa hadi taa yake ipepese, kisha ubonyeze cha kitumaji, na vingine vina swichi ndogo ndogo ambazo lazima zipangwe sawasawa kwenye vyombo vyote viwili. Ikiwa mnaishi nyumba za kupanga zilizoungana ukuta, badilisha mpangilio wa kiwandani, kwa sababu jirani anaweza kuwa na kifaa kama chako na mkaanza kubadilishiana chaneli.

Baada ya hapo elekeza rimoti kwenye kitumaji, bonyeza, na utazame kimulimuli kwa kamera ya simu. Kikimetameta kila unapobonyeza na kutulia unapoachia, mfumo ni mzima. Kisha shika kimulimuli kwa vidole mbele ya king'amuzi, huku mwenzako akibonyeza. King'amuzi kikiitikia, umeshathibitisha kwamba lugha inaeleweka pande zote, na jambo lolote litakaloharibika baadaye litakuwa limetokana na mahali ulipoweka vitu. Dakika kumi hizi za mezani huokoa saa nyingi.

Mahali pa kuweka kipokezi

Kipokezi kinaweza kukaa ndani ya kabati la mbao bila tatizo, kwa sababu mbao kavu haizuii sana mawimbi haya. Kinachozuia ni chuma. Kabati la bati, rafu yenye mgongo wa chuma, kioo cha kujitazamia kilichopakwa rangi ya fedha nyuma yake, friji iliyo upande wa pili wa ukuta, na hata tangi la samaki, kwa kuwa maji nayo hunyonya mawimbi, vyote hivi ni vya kuviepuka katika mstari kati ya chumba na sebule. Ukuta wa tofali za saruji unapitika. Nguzo na mkanda wa zege vyenye nondo ni vigumu zaidi, hivyo ukiweza kukisogeza kipokezi nusu mita ili mstari upite kwenye tofali badala ya nguzo, fanya hivyo.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi, mita 30 au hata zaidi, ni wa uwanja wazi. Usiuhesabie kuta tatu na ngazi ya ghorofa.

Antena inahitaji heshima. Kwa megahezi 433.92 urefu wa wimbi ni takriban sentimita 69, na antena ya waya inayofaa ni robo yake, yaani sentimita 17.3. Ukikuta waya wa antena wa urefu huo unaning'inia kutoka kwenye kipokezi, usiukate kwa kuona umezidi, wala usiuviringe ukaufunga kwa mpira ili kabati lionekane safi. Unyooshe, usimame wima, na antena ya kitumaji nayo isimame wima vilevile, kwa sababu antena mbili zilizolala pande tofauti hupoteza nguvu nyingi. Usiulaze waya huo juu ya kifuniko cha chuma cha amplifaya.

Kisha kiepushe kipokezi na kelele. TV bapa, adapta za bei rahisi na taa za LED zina saketi za umeme zinazowaka na kuzima kwa kasi kubwa, na hizo hutapakaza takataka za redio karibu yake. Nafasi ya mita moja kutoka TV kwa kawaida inatosha. Kama kabati ni finyu, peleka kipokezi pembeni kabisa au juu ya kabati, na urefushe waya wa kimulimuli. Waya huo kwa kawaida huwa na pini ya milimita 3.5 kama ya hedifoni, na waya wa kurefushia hedifoni unaopatikana kwenye duka lolote la vifaa vya simu huweza kutumika pasipo kukata wala kuchomelea chochote.

Umeme wa kipokezi

Vipokezi vingi vya siku hizi hutumia volti 5 kupitia waya wa USB, na kishawishi cha kwanza ni kuuchomeka waya huo kwenye tundu la USB nyuma ya TV. Usifanye hivyo. TV nyingi hukata umeme wa USB zinapozimwa, kwa hiyo utaweza kuzima TV kwa rimoti ukiwa popote, lakini hutaweza kuiwasha, kwa sababu kipokezi nacho kitakuwa kimezimika. Vivyo hivyo kwa tundu la king'amuzi. Kipe kipokezi adapta yake yenyewe, kwenye soketi ambayo haizimwi usiku.

Kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, ichomeke adapta hiyo kwenye kile kifaa cha kulinda TV ambacho huchelewesha umeme kwa dakika chache hadi utulie, pamoja na king'amuzi. Halafu, kabla hujaridhika na ununuzi wako, zima soketi na uiwashe tena, uone kama kipokezi kinaukumbuka mpangilio wake. Kile kinachosahau kila umeme unapokatika ni cha kurudishwa dukani, kwani kitamchosha kila mtu katika nyumba.

Kulitafuta jicho

Hapa ndipo kazi ilipo. Jicho la king'amuzi ni kipande kidogo cha plastiki nyeusi, mara nyingi kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi, kilichojificha nyuma ya uso mweusi unaong'aa. Uso wote unafanana, na mtu anayetazama kwa juu juu hawezi kujua jicho liko upande gani.

Katika nyumba moja Tanga nilibandika kimulimuli juu ya ile taa nyekundu inayowaka king'amuzi kinapolala, nikiamini kwamba hapo ndipo jicho lilipo. Kimulimuli kilimetameta, kipokezi kilikuwa kizima, king'amuzi kikakaa kimya. Nikaanza kuilaumu redio. Nilikihamisha kipokezi mara nne, nikanyoosha antena, nikapanda juu ya dari kutazama kama kuna bati limekaa njiani, na alasiri ikanikuta hapo. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona mimi huielekezea kule kwenye namba?" Alimaanisha zile namba za kijani za chaneli, upande wa pili kabisa wa uso wa king'amuzi. Nikasogeza kimulimuli hadi pembeni mwa namba, akabonyeza, na chaneli ikabadilika. "Ahsante sana, mama," nilimwambia, na tangu siku hiyo sianzi kubandika chochote kabla ya kuwauliza wenyeji wanapoelekeza rimoti zao.

Njia ya uhakika zaidi ni hii. Chukua kipande cha karatasi nene, ukikunje kiwe bomba jembamba kama mrija wa soda, ukizungushie tepu nyeusi ya umeme ili mwanga usivuje, kisha ukivike kwenye ncha ya rimoti pale taa yake ilipo. Mdomo wa bomba uuguse uso wa king'amuzi, na uanze kusogea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, sentimita moja baada ya nyingine, ukibonyeza kitufe cha sauti kila hatua. Mahali king'amuzi kitakapoitikia, jicho liko hapo. Weka alama ndogo ya penseli kwenye kipande cha tepu. Endelea kusogea hadi kiache kuitikia, weka alama nyingine, na jicho litakuwa katikati ya alama hizo mbili. Kurunzi pia husaidia: ukiimulika kwa mshazari, unaweza kukiona kijiduara au kijitundu nyuma ya plastiki nyeusi, lakini thibitisha kwa bomba, kwa sababu vijiduara vingine ni vya taa tu.

Ukishalijua jicho, safisha eneo hilo kwa kitambaa kilichodondoshewa spiriti kidogo, lisubiri likauke, na bado usiiondoe karatasi ya gundi ya kimulimuli. Kishikize kwanza kwa tepu ya kawaida na uishi nacho siku mbili tatu. Mambo mawili yatajitokeza katika siku hizo ambayo hukuyafikiria.

La kwanza ni kwamba kimulimuli kikikaa juu ya jicho sawasawa, huenda kikaifunika rimoti ya kawaida, na watu wa sebuleni watalalamika kwamba hata wakifungua kabati king'amuzi hakisikii. Baadhi ya vimulimuli vimetengenezwa kwa plastiki inayopitisha infraredi, vingine havipitishi. Kama chako hakipitishi, kisogeze hadi kiguse ukingo wa jicho tu, au kibandike kwenye ubao wa rafu chini ya king'amuzi, kikitazama juu kwa mshazari kutoka sentimita mbili hivi. La pili ni kinyume chake: mwanga unaweza kuwa mkali mno. Jicho lililozoea rimoti iliyo mita tatu mbali likimulikwa kutoka milimita moja huweza kuzidiwa, likaitikia mara moja na kukataa mara mbili. Mtu akiona hivyo hudhani redio ni dhaifu. Kiondoe kimulimuli kidogo, au weka tabaka moja la tepu ya karatasi kati yake na jicho, na uone tofauti.

Ukiwa na vifaa vitatu, yaani king'amuzi, amplifaya na TV, tumia waya wenye vimulimuli vitatu na ulirudie zoezi la bomba kwa kila kifaa. Usitegemee kimulimuli kimoja kiangaze rafu nzima. Ikiwa ving'amuzi viwili vya kampuni moja vimekaa rafu moja, funika kila kimulimuli pamoja na jicho lake kwa kipande cha tepu nyeusi, la sivyo amri ya kimoja itasikiwa na vyote viwili.

Jaribio la kutembea

Kitumaji cha chumbani kiwekwe mahali ambapo rimoti huelekezwa kwa mazoea, yaani karibu na TV, lakini si chini yake kabisa. Kisipigwe na jua la dirishani, na kisitazamane na taa ya kuokoa umeme, kwa sababu mwanga wa aina hizo humfanya mlinzi huyu asiyelala aone amri pasipo amri.

Jaribio lenyewe linataka watu wawili. Mmoja akae kitandani na rimoti, mwingine asimame sebuleni akitazama king'amuzi, na wazungumze kwa simu. Wa chumbani abonyeze namba moja hadi tisa kwa mfuatano, akihesabu kwa sauti, na wa sebuleni aseme kila namba anayoiona. Rudieni mara tatu: milango ya kabati ikiwa imefungwa, milango yote ya vyumba ikiwa imefungwa, na TV zote mbili zikiwa zimewaka. Namba zikipotea TV zinapowaka tu, tatizo ni kelele za TV, na dawa ni kukisogeza kipokezi. Namba zikipotea wakati wote, geuza antena au badilisha mstari. Zikipotea za kwanza tu baada ya kimya kirefu, huenda kipokezi kinachelewa kuamka, na kubonyeza kwa muda mrefu kidogo kunatosha.

Dalili na maana zake

Kuna tatizo ambalo huwachanganya watu kuliko yote: taa ya kipokezi inapepesa yenyewe bila mtu kugusa rimoti, na amri halisi zinapotea katikati ya kelele. Chomoa kitumaji kwenye umeme. Kama kipokezi kimetulia, chanzo ni mwanga unaokipiga kitumaji chumbani, basi zima taa moja baada ya nyingine hadi uipate yenye hatia, au kihamishe kitumaji. Kama kipokezi kinaendelea kupepesa hata kitumaji kikiwa kimechomolewa, chanzo ni redio ya nje. Kengele za mlangoni zisizo na waya, rimoti za mageti na za magari mengi hutumia masafa hayohayo ya 433.92. Nyingi hutuma kwa muda mfupi tu na hazidhuru, lakini kitufe cha kengele kilichokwama kinaweza kupiga kelele mchana kutwa.

Sauti ikipanda hatua mbili kwa kubonyeza mara moja, au TV ikiwaka na kuzimika hapohapo, kifaa kinaipata amri mara mbili: mara ya kwanza kwa mwanga wa rimoti moja kwa moja, na mara ya pili kwa njia ya redio, ikiwa imechelewa kidogo. Hali hii hutokea pale kitumaji kilipowekwa katika chumba kilekile chenye kifaa. Lifunike jicho na kimulimuli kwa pamoja kwa tepu nyeusi ili mwanga wa moja kwa moja usiingie, au kiondoe kitumaji. Na kama kitumaji kinakiona kimulimuli, hata kwa mwanga uliogonga ukuta na kurudi, amri moja itazunguka bila kukoma, na chaneli zitakimbia zenyewe hadi uchomoe kimojawapo.

King'amuzi kikiitikia vitufe vingine na kukataa vingine, badilisha betri za rimoti kabla ya kugusa kingine chochote.

Kumalizia kazi

Siku mbili tatu zikipita bila malalamiko, ndipo uiondoe karatasi ya gundi na ukibandike kimulimuli moja kwa moja, ukikibonyeza kwa kidole kwa nusu dakika. Waya wake upite pembeni mwa rafu, ukishikwa na vibanio vidogo kila sentimita 20 hivi, na usifungwe fundo moja na waya wa umeme mkubwa. Ukihitaji kutoboa mgongo wa kabati, vitoe vyombo kwanza na uchomoe soketi zote, kwani nyuma ya kabati lililogusana na ukuta huweza kuwa na nyaya za umeme usizoziona. Tundu la milimita 8 linapitisha pini ya 3.5 kwa urahisi.

Acha ulegevu wa sentimita 15 nyuma ya king'amuzi, uliokunjwa taratibu, ili anayefuta vumbi au anayetoa kadi ya malipo akivuta king'amuzi mbele asikivute na kimulimuli. Ndani ya mlango wa kabati bandika karatasi ndogo yenye namba ya masafa, mpangilio wa swichi kama ulivyouweka, na mchoro wa mahali jicho lilipo kwenye kila kifaa. King'amuzi kikibadilishwa siku moja, atakayekuja baada yako ataanzia hapo.